Usitupe Hizo Ndizi! Vitindamlo 5 vya Zamani vya Matunda Unaweza Pika Kwa Keja Bila Oveni

Hebu angalia hapo kwa beseni karibu na sinki. Kuna ndizi tatu zimeanza kuwa nyeusi, si ndio? Na kuna embe moja ukiigusa kidole kinaingia. Ulizinunua mwisho wa mwezi ukiwa na doh, ukajiambia mwezi huu utakula matunda kila siku kama watu wa Instagram. Sasa ni tarehe 20, umesota, na unapanga kuzitoa na takataka kesho asubuhi.

Ngoja kwanza. Hiyo ni chakula unatupa, na kesho kutwa utakuwa unakopa ya kudishi.

Unakumbuka neno "kitindamlo"? Mwalimu wa Kiswahili alitufunza, tukaliandika kwa mtihani, halafu tukalisahau. Ni kile kitu kitamu kinakuja baada ya dishi. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza keki, oveni na mkahawa wa bei. Lakini vitindamlo vya zamani vya huku kwetu havikuanza hivyo. Vilianza kwa sababu tunda halingoji mtu. Embe za mti mmoja zinaiva karibu wakati mmoja, ndizi za mkungu mmoja hivyo hivyo, na hakukuwa na friji. Ulikuwa unakula haraka, unagawia jirani, ama unaweka kwa moto na sukari ama nazi ndio ikae ama ilike vizuri.

Sasa angalia keja yako. Hakuna oveni. Pengine hakuna friji. Kuna meko ya gesi, sufuria mbili na mwiko. Hiyo ndiyo jikoni hizi risipe zilitengenezewa. Hizi hapa 5, na kila moja nitakuambia tunda linafaa kuwa limefika wapi.

Vitu vya kuwa navyo

Sufuria yenye chini nzito (ile nyembamba sana inaunguza sukari), mwiko wa mbao, kichungi, kisu, kikombe kimoja cha kupimia na sinia. Ukiwa na iliki, ndimu na sukari kwa keja, uko sawa. Kikombe nikisema hapa ni kile cha chai cha kawaida, kama mililita 250. Tumia kikombe kimoja mwanzo hadi mwisho, usibadilishe katikati.

1. Mabuyu

*Tunda: ubuyu, tayari mkavu*

Hii kila mtu aliyesoma shule ya msingi Kenya anaijua. Ulimi mwekundu, vidole vyekundu, shati la shule na doa ambalo mathe aliuliza ni la nini.

Mabuyu yanatoka kwa mbuyu, ule mti mnene unauona ukielekea Pwani. Kisayansi unaitwa Adansonia digitata. Tunda lake linajikausha lenyewe ndani ya ganda likiwa bado mtini, ndio maana ukilivunja unapata unga mweupe umeshikana na mbegu, si maji. Huku yanatoka sana Kilifi, Kwale, Kitui na Makueni. Na cheki hii: Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu uuzwe kule kama chakula mwaka wa 2008. Sisi tulikuwa tunamumunya kitambo wakati wa mapumziko.

Unahitaji:
- Ubuyu nusu kilo (mbegu zikiwa bado na unga wake)
- Sukari kikombe 1 na nusu
- Maji kikombe 1
- Iliki ya kusaga kijiko 1 kidogo
- Pilipili ya unga nusu kijiko kidogo, na chumvi kidogo sana
- Rangi ya chakula nusu kijiko kidogo (si lazima)

Fanya hivi:
1. Pepeta ubuyu kwa kichungi. Unga unaoanguka usitupe, weka kando.
2. Chemsha sukari na maji. Ikishayeyuka, weka rangi, iliki, pilipili na chumvi.
3. Acha ichemke kama dakika 10. Chota kidogo kwa kijiko, acha ipoe, kisha ibane kati ya vidole viwili na uachanishe. Ikivuta uzi, iko tayari. Ikiwa bado maji, ngoja.
4. Punguza moto kabisa. Mwaga ubuyu, koroga bila kusimama mpaka kila mbegu ipate koti na sufuria ianze kukauka.
5. Mwaga kwa sinia, nyunyizia ule unga uliopepeta, tenganisha yakiwa bado ya moto ukitumia mwiko. Acha yapoe kabisa ndio ufunike.

Kuwa mpole na hiyo sukari. Sukari inayochemka ni moto kuliko maji yanayochemka, na inashika kwa ngozi. Usiionje kwa kidole ikiwa bado kwa sufuria.

Naongea kama mtu amepitia. Nilipoacha chuo karo ikikataa kutosha, mabuyu ndiyo kitu ya kwanza nilijaribu kuuza kwa ploti. Sufuria ya kwanza niliacha moto juu nikaenda kujibu meseji. Sukari ikawa nyeusi na chungu kama dawa, na nusu kilo ya ubuyu ikaenda hivyo. Ya pili nilisimama hapo mpaka mwisho, na wasee walirudi kuuliza kama kuna ingine. Haikunirudisha darasani, lakini ililipa stima na tokeni za maji.

Kama na wewe unawaza kuuza, kumbuka mambo mawili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2017, so panga vikopo ama paketi za karatasi. Na kuuza chakula kunahitaji kibali cha kaunti na cheti cha afya. Kuanza na majirani ni sawa, lakini ukikua, fuata hizo karatasi mapema kabla askari wa kaunti wakufuate wewe.

2. Ndizi mbivu za nazi

*Tunda: mzuzu ulioiva, ganda la njano lenye madoa meusi*

Hii ni ya Pwani kabisa. Ukialikwa futari Mombasa ama Lamu mwezi wa Ramadhani, kuna uwezekano mkubwa utaipata mezani. Hapo inaliwa pamoja na vitu vingine, lakini ukiikula peke yake baada ya pilau, hakuna atakayekukamata.

Usitumie ndizi ya kawaida ya kumenya na kula, hiyo itageuka uji. Tafuta zile kubwa za kupika zinazoiva na kuwa tamu: Pwani wanaita mzuzu, ile ndefu zaidi inaitwa mkono wa tembo, na ukivuka Uganda utasikia gonja. Usiogope madoa meusi. Ganda likiwa hivyo, wanga mwingi umeshageuka sukari, so wewe unaongeza sukari kidogo tu.

Unahitaji:
- Mizuzu 4 mbivu
- Nazi 1 kubwa
- Sukari vijiko vikubwa 3
- Iliki nusu kijiko kidogo
- Chumvi kidogo sana

Fanya hivi:
1. Kuna nazi. Kama huna mbuzi ya kukunia, katakata nyama ya nazi vipande vidogo na usage kwa blenda na kikombe 1 cha maji ya vuguvugu. Kamua, chuja. Hilo ndilo tui zito. Rudisha machicha, ongeza vikombe 2 vya maji, kamua tena. Hilo ni tui jepesi.
2. Menya ndizi, zipasue katikati kwa urefu, toa ule uzi wa katikati wenye vimbegu.
3. Zipange kwa sufuria, mwaga tui jepesi na chumvi. Funika, pika kwa moto wa wastani mpaka ndizi zilainike, kama dakika 15.
4. Punguza moto. Mwaga tui zito, sukari na iliki. Usikoroge na mwiko, utavunja ndizi. Shika sufuria kwa masikio yake na kitambaa, itikise taratibu.
5. Tui likianza kuwa zito kama uji mwepesi, zima.

Kosa la wengi ni kuchemsha tui zito kwa moto mkali. Linakatika, mafuta yanapanda juu na chini kunabaki maji. Bado inalika, lakini haikai poa. Moto mdogo na sufuria bila kifuniko ndiyo siri.

3. Kabalagala

*Tunda: ndizi ndogo tamu, zimeiva mpaka ganda limekuwa jeusi*

Hii ndiyo ya zile ndizi ulikuwa unataka kutupa. Inatoka Uganda, na ni chapati ndogo nene za ndizi na unga wa muhogo, zinakaangwa. Hakuna sukari, hakuna maziwa, hakuna mayai, na maji pia hakuna. Unyevu wote na utamu wote unatoka kwa ndizi. Ndizi ikiwa haijaiva sana, haitaweza hiyo kazi.

Unahitaji:
- Ndizi ndogo tamu 10 hivi, zilizoiva kupita kiasi (zikipondwa zitoe kama vikombe 2)
- Unga wa muhogo vikombe 2, lakini usiweke wote mara moja
- Magadi ya kupikia, robo kijiko kidogo
- Chumvi kidogo, na pilipili kidogo ukipenda
- Mafuta ya kukaanga

Fanya hivi:
1. Ponda ndizi kwa mkono ama uma mpaka zisiwe na mabonge. Weka chumvi, magadi na pilipili.
2. Ongeza unga kidogo kidogo ukikanda. Simama pale donge linapoacha kushika mikono. Pengine hutamaliza unga wote.
3. Nyunyiza unga kwa meza, sukuma donge mpaka unene wa kama nusu sentimita. Kata miduara na mdomo wa glasi.
4. Pasha mafuta moto wa wastani. Jaribu na kipande kidogo: kikizama halafu kipande juu taratibu na vipovu, mafuta yako tayari. Kikiwa cheusi papo hapo, punguza moto.
5. Kaanga ukigeuza mpaka rangi ya kahawia. Toa, weka kwa karatasi inywe mafuta.

Kwa sababu ndizi ina sukari mob, hizi zinaungua haraka kuliko mandazi. Nje inakuwa nyeusi, ndani bado mbichi. So moto wa wastani, na usitoke hapo. Zikipoa zinakuwa ngumu kidogo na za kutafuna, hivyo ndivyo zinafaa kuwa. Zinaenda na chai ya rangi vibaya sana.

4. Saladi ya matunda na kastadi

*Tunda: lililoiva lakini bado limesimama*

Hii ni ile ya harusi, ya sherehe ya kuhitimu, ya Krismasi kwa shosh. Bakuli kubwa, papai, nanasi, ndizi, na kitu cha njano kimemwagwa juu.

Hicho cha njano kina hadithi. Kastadi ya asili ya Uingereza inapikwa na mayai. Mwaka wa 1837 mtu anaitwa Alfred Bird, mtaalamu wa dawa kutoka Birmingham, alitengeneza ya unga wa mahindi laini kwa sababu bibi yake hakuwa anapatana na mayai. Hiyo ya unga ndiyo ilienea, na ndiyo iko kwa rafu ya duka la mtaa wako leo.

Unahitaji:
- Maziwa nusu lita
- Unga wa kastadi vijiko vikubwa 2
- Sukari vijiko vikubwa 2
- Papai, nanasi, ndizi, embe, chochote ulicho nacho
- Ndimu 1

Fanya hivi:
1. Toa maziwa robo kikombe yakiwa baridi. Koroga na unga wa kastadi na sukari mpaka hakuna bonge.
2. Chemsha maziwa yaliyobaki. Yakianza kupanda, mwaga ule mchanganyiko ukikoroga bila kusimama.
3. Koroga kwa moto mdogo dakika 2 mpaka iwe nzito. Zima, acha ipoe. Ikoroge mara kwa mara isifanye ngozi juu.
4. Kata matunda. Ndizi kata mwisho na uzikamulie ndimu, zisigeuke kahawia.
5. Mwaga kastadi juu ya matunda wakati wa kula tu.

Hiyo hatua ya mwisho si urembo. Nanasi na papai mbichi zina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa. Ukichanganya na kastadi asubuhi ndio wageni wale jioni, utawapea kitu chungu kimekuwa maji, halafu uanze kulaumu maziwa. Weka bakuli mbili, kila mtu ajimwagie. Ama chemsha nanasi dakika chache na sukari kidogo kabla, moto unaua hizo nguvu.

Kuhusu mabonge: unga wa kastadi ukiangukia maziwa ya moto moja kwa moja, nje ya kila chembe inaiva na kufunga, ndani inabaki kavu. Ndio maana unaanza na maziwa baridi.

5. Jemu ya embe

*Tunda: embe laini, pamoja na moja ama mbili ambazo hazijaiva vizuri*

Msimu wa embe ukifika, kuanzia kama Desemba mpaka Machi, embe za Makueni na Machakos zinajaa kila kona na bei inaanguka. Ndiyo wakati mama mboga anakubembeleza ubebe ndoo nzima jioni, juu kesho hazitauzika. Beba.

Unahitaji:
- Nyama ya embe kilo 1 (bila ganda na kokwa)
- Sukari nusu kilo kama una friji, kilo 1 kama huna
- Maji ya ndimu 2

Fanya hivi:
1. Chemsha chupa za glasi na vifuniko vyake ndani ya maji dakika 15. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, so maji yetu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ndio maana tunaongeza muda.
2. Pika embe peke yake kwa moto mdogo mpaka zilainike. Ponda.
3. Ongeza sukari na ndimu. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha ongeza moto. Pika dakika 30 hadi 40 ukikoroga. Itarusha matone, vaa shati la mikono mirefu.
4. Jaribu: weka tone kwa sahani baridi, ngoja dakika 1, sukuma na kidole. Ikifanya mikunjo, imeiva.
5. Jaza kwa chupa ikiwa bado moto, funga.

Kwa nini embe moja isiwe imeiva? Kinachofanya jemu ishikane kinaitwa pektini, na kiko zaidi kwa tunda ambalo halijaiva sana. Ndimu inasaidia kazi hiyo hiyo. Na kwa nini sukari nyingi hivyo? Inashika maji yaliyo ndani ya tunda, wadudu wa kuharibu chakula wanakosa ya kunywa. Ukipunguza sukari, unapunguza ulinzi, so weka kwa friji. Ukiona ukungu juu, usikwangue ule chini. Tupa yote.

Makosa ambayo yataharibu kila kitu

- Kuchanganya "limeiva sana" na "limeoza". Ganda jeusi ni sawa. Harufu ya pombe, ukungu ama majimaji yanayovuta: hiyo usijaribu kuokoa.
- Kuacha sukari kwa moto ukishika simu. Nimeshakuambia yangu.
- Kuongeza sukari kabla ya kuonja. Tunda lililoiva limeshafanya nusu ya kazi.
- Kupika mob siku ya kwanza. Pika nusu ya kipimo, ujue meko yako inaungua vipi.

Kwa haraka: una nini kwa beseni?

- Ndizi ndogo, ganda jeusi: kabalagala
- Mzuzu wenye madoa: ndizi za nazi
- Embe laini: jemu
- Papai, nanasi, ndizi bado zimesimama: saladi na kastadi
- Huna tunda, una nusu kilo ya ubuyu kutoka Marikiti: mabuyu

Na kitu ya mwisho. Kama shosh wako ama jirani wa Pwani bado yuko, mpigie simu kabla hujapika. Muulize yeye anaweka nini. Wengi wao hawajawahi kuandika hizi vitu popote, ziko kwa kichwa na kwa mkono, na kila nyumba ina yake. Mwenye tunda litaoza kesho anaanza leo. Toa hizo ndizi kwa beseni, washa meko.